Picha Zimegoma

Ilikuwapo, na kwa bahati mbaya bado ipo, nchi iitwayo Tulizana. Ukiitafuta kwenye ramani huioni, na wenyeji wake hawalishangai jambo hilo, maana wao wenyewe wamezoea kutafutwa wasionekane. Ni nchi tulivu. Wageni husifu sana utulivu wake, wakidhani umetokana na raha. Ukweli ni kwamba watu walichoka, wakakaa chini.

Zamani, huko Tulizana, mtu alitambuliwa na majirani zake. Ukiulizwa wewe ni nani, unamwita mama wa mlango wa pili, naye anasema huyu namjua, usiku anakoroma, na shughuli inaishia hapo. Serikali ikaona huo ni ushahidi wa kienyeji. Ikajenga Ghala la Sura, ambalo ni mashine zilizopangwa kwenye chumba chenye baridi, na ndani yake zikatiwa picha za raia wote. Tangu hapo, mtu akitaka huduma, karani huandika jina lake kwenye ukurasa wa serikali; ukurasa unakwenda ghalani, unaichukua picha yake na kuileta kwenye kioo cha kompyuta. Karani anatazama kioo, anakutazama wewe, anatazama kioo tena. Mkifanana, upo. Sheria yenyewe ilikuwa fupi, na ilipakwa rangi kwenye ukuta wa kila ofisi: ANAYEONEKANA NDIYE ALIYEPO.

Bi Sijaona Mtepa hakuwa na ugomvi na sheria hiyo. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na siku ya kupigwa picha alikwenda kama wenzake, akapanga foleni, akaambiwa asicheke kwa sababu serikali haichekewi. Hakucheka. Ugomvi wake ulikuwa na macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, akalichelewesha mpaka likafa. La kulia nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na uzi sasa aliutunga kwenye sindano kwa kupapasa. Daktari alimwambia bila kuzunguka: hili la kulia linaokolewa, lakini lipasuliwe mapema, likiivia humo ndani, nalo litakufa kama mwenzake.

Basi akafunga cherehani yake, akajitanda kanga, akaenda hospitali kupasuliwa.

Karani wa mapokezi alikuwa binti mmoja aitwaye Tabia, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama. Jina?"

"Marahaba. Sijaona."

"Hujaona nini, mama?"

"Ndilo jina langu, mwanangu. Marehemu mama yangu alipata taabu kunizaa, akasema taabu kama hii sijaona. Wakaliandika."

Tabia akaliandika naye. Ukurasa ukaenda ghalani, ukakawia, ukarudi. Jina lilikuwapo, tarehe ya kuzaliwa ilikuwapo, mtaa ulikuwapo. Pale ilipotakiwa kuwa sura palikuwa na kijipicha kidogo kilichochanika pembeni, chenye kipande cha mlima na kipande cha wingu.

"Picha imegoma, mama," Tabia akasema.

"Imegoma vipi, nami nipo hapa?"

"Mimi nakuona. Mfumo ndio haukuoni."

Daktari mwenyewe akatoka na glavu mkononi. Akamwinamia Bi Sijaona, akamtazama lile jicho, akaguna. "Ukungu nauona," akasema. "Umekaa kama utando juu ya uji. Lakini macho yangu siyo mfumo. Nikimpasua mtu ambaye hajaonekana, nitakuwa nimempasua nani? Nenda wizarani, mama. Ikifunguka tu, njoo siku hiyo hiyo. Usichelewe."

Wizara iliyohusika iliitwa Wizara ya Mwonekano na Mambo Yanayoonekana. Hapo kabla ilikuwa Wizara ya Sura tu, lakini Waziri mpya hawezi kukalia jina alilolikalia mwenzake. Vibao vilibadilishwa, mihuri ikabadilishwa, hata mikeka ya mlangoni ikafumwa upya. Mtaalamu wa ghala, Fanuel Nyakunga, aliagizwa abadili jina hilo na humo ndani ya mashine, akabadili.

Nyakunga alikuwa amesoma vizuri, tena nchi za mbali, na alikuwa amechoka kwa namna ya watu wanaoijua dawa na hawana ruhusa ya kumnywesha mgonjwa. Bi Sijaona alimkuta ukumbini amekaa kwenye benchi moja na wenye shida, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimeazimwa na kikao.

"Picha yako haina tatizo, mama," akamwambia. "Imo ghalani, nzima. Tatizo ni ukurasa. Zamani picha zilikaa kwenye chumba kiitwacho Wizara ya Sura. Chumba tumekipa jina jipya. Ukurasa haujaambiwa."

"Kwa hiyo unabisha hodi kwenye nyumba tuliyokwisha kuhama."

"Hapo hapo."

"Si uuambie tulikohamia?"

"Ni mstari mmoja tu, mama. Naufuta, naandika mwingine, hata chai haijapoa. Lakini kurasa ni za idara nyingine, na mstari unataka ruhusa ya Waziri."

Bi Sijaona akasogea karibu. Alikuwa ameona, kwa lile jicho lake la ukungu, kitu cheupe kinachoning'inia kwenye kifua cha kijana. Akanyoosha mkono, akakigusa. Kilikuwa kifungo cha shati, kimebaki kwenye uzi mmoja.

"Kaa hivyo hivyo," akasema. Akatoa sindano kwenye pindo la kanga, akakishona kifungo pale pale kwenye benchi la wizara, kwa kupapasa tu. "Umekula wewe?"

Nyakunga akafikiri kidogo, akasema hakumbuki. Katika wizara ile hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Akainuka na kwenda kuandika ombi, ambalo kwa bidii yake yote lilikuwa fupi: *Mheshimiwa, picha zimegoma kufunguka. Naomba ruhusa ya kubadili mstari mmoja.*

Mheshimiwa Profesa Daktari Bonaventura Kihambwe alikuwa mtu wa shughuli nyingi. Alijiwekea utaratibu wa kusoma maneno mawili ya mwanzo ya kila barua, mbali na salamu, na kwa utaratibu huo alikuwa ameendesha wizara nne bila kuchoka macho. Akasoma: picha zimegoma.

Sasa ieleweke kwamba huko Tulizana kugoma ni kosa kubwa. Waliogoma mara ya mwisho walikuwa walimu, nao wakahamishiwa wilaya ambazo hazijagunduliwa. Waziri akanywa maji. Akaagiza askari walizunguke ghala, na mchana huo huo akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "picha hawa tumewalea. Tumewakalisha penye baridi, sisi wenyewe tukiungua jua. Tumewapa umeme usiokatika, na watoto wenu wanasomea koroboi. Hawali, hawaugui, hawadai likizo. Leo wanagoma. Nauliza, na taifa linauliza: nani yuko nyuma ya picha?"

Mwandishi wa habari mmoja, ambaye inaonekana alikuwa bado mgeni kazini, aliuliza kama haiwezi kuwa ni hitilafu ya mitambo.

"Hitilafu ni nini," Waziri akamjibu kwa upole, "kama si mgomo wa kitu kisicho na mdomo?"

Wanasheria ndio walioleta kikwazo. Walisema mgomaji sharti awe mtu, na picha kwa sarufi ya nchi ni ngeli ya vitu: picha imegoma, picha zimegoma. Kitu hakishitakiwi. Baraza la Lugha likaitwa, likala chakula cha mchana, likatoa tamko: kuanzia sasa picha atasomeka katika ngeli ya watu. Picha amegoma, picha wamegoma, picha huyu ana kiburi. Na kwa kuwa ngeli ya watu isingetosha wote, raia ambaye picha wake hajafunguka atasomeka kwa muda katika ngeli ya vitu. Raia kimefika, raia kimekaa, raia kinasubiri. Watu wengi walifikiri watakasirika, lakini walipojaribu kukumbuka jinsi walivyokuwa wakiitwa madirishani tangu zamani, hawakuona tofauti kubwa.

Nyakunga alikwenda kwa Waziri kueleza. Alikwenda na shati lake lenye kifungo imara.

"Mheshimiwa, mimi nilimaanisha hazifunguki tu. Ndivyo tunavyosema. Simu inagoma, gari linagoma, hata kiberiti kikilowa kinagoma. Ni neno tu."

Waziri akafunga faili lake. "Yaani unataka kuniambia jeshi la polisi, Baraza la Lugha, mimi, na hata Mlezi Mkuu wa Taifa anayetutawala, tumehangaishwa na neno. Neno la nani?"

Nyakunga akaona pale njia inapokwenda. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto.

"Wamegoma, Mheshimiwa," akasema.

Ikaundwa Kamati ya Usuluhishi. Wajumbe wakaomba makoti kwa sababu ya baridi ya ghala, wakapewa. Wakaingia, wakaketi mbele ya mashine, na mwenyekiti akasoma masharti ya serikali kwa sauti. Mashine zikaunguruma. Katibu akaandika kwamba upande wa pili umenung'unika. Mwenyekiti akauliza kama picha wana dai lolote. Mashine zikaendelea kuunguruma vile vile, na kamati ikaona huo ni ujeuri.

Ndipo mjumbe mmoja, mtu mzima aliyelea watoto tisa, akatoa wazo. Mtoto mkaidi huonywa na mzazi wake. Kwa nini kila raia kisije kumwonya picha wake?

Hivyo Bi Sijaona akaitwa ghalani. Alipanga foleni tangu alfajiri na vitu vingine, kikiwamo kitu kimoja kilichokuwa hakimu mstaafu. Ukungu wa jichoni ulikuwa umeongezeka. Wiki ile alikuwa ameshona mfuko wa shati mgongoni, na mwenye shule akamwambia, bila ubaya, kwamba muhula ujao watatafuta fundi mwingine. Alilia kidogo siku hiyo, akafuta, akaendelea na kola.

Askari akamwongoza mpaka mbele ya mashine. "Kionye," mwenyekiti akasema, kisha akajisahihisha. "Kimwonye."

Bi Sijaona akasimama. Hakuona kitu ila vijitaa vya kijani vinavyopepesa. Ilikuwa kama kusimama mbele ya mlango wa mtu aliyekwisha kulala.

"Hujambo," akaanza, kwa sababu huwezi kumwonya mtu hujamsalimu. "Mimi ndiye mwenyewe. Siku ile nilikuvalia gauni la kitenge, nikakutengeneza nywele. Sikukukosea kitu. Sasa nina shida, na mtu wa kunitolea ushahidi ni wewe peke yako. Sikuombi makubwa. Toka tu mara moja, binti yule akuone, daktari ashike kisu. Ukishatoka, rudi ukalale. Nataka nitunge uzi. Sijui kazi nyingine."

Akangoja. Nyuma ya mashine, Nyakunga, aliyewekwa pale kuangalia umeme, alikuwa ameinamisha kichwa. Mstari ule mmoja angeweza kuubadili kwa vidole vyake akiwa amesimama pale pale. Askari wawili walimtazama mikono. Hakuubadili.

Katibu aliandika: *Mhusika kilisema kwa upole mno. Kinashukiwa kumwunga mkono picha wake.*

Baada ya raia vyote kwisha kuonya, na picha hata mmoja asitoke, Waziri alihutubia tena. Safari hii hakuwa na hasira, na waliomfahamu wakaingiwa na hofu.

"Serikali imesubiri," alisema. "Serikali imebembeleza. Dawa ya mgomaji inajulikana. Kuanzia leo picha wote waliomo ghalani wamefukuzwa kazi."

Kufukuza picha, kwa lugha ya mashine, ni kuifuta. Aliyeagizwa kufuta alikuwa Nyakunga. Alijaribu kusema kwamba picha zikifutwa hazirudi, akajibiwa kwamba hiyo ndiyo maana ya kufukuzwa. Akakaa kwenye kiti, ambacho siku hiyo hakikuazimwa na mtu. Kabla hajabonyeza, akatafuta jina moja, akaifungua picha yake moja kwa moja kutoka ghalani, bila kupitia kwenye ukurasa. Ikafunguka papo hapo. Mwanamke mwenye gauni la kitenge, macho mawili, hacheki. Akaichapa kwenye karatasi kwa wino wa wizara uliokuwa ukielekea kwisha, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akabonyeza, na nchi nzima ikafutika.

Aliipeleka karatasi ile mwenyewe. Bi Sijaona alikuwa kibarazani, cherehani imefunikwa. Alimtambua kwa kifungo. Alikipapasa kwanza, akaridhika.

"Nimekuletea picha yako, mama."

Akaipokea, akaisogeza mpaka karibu na pua, akaigeuzageuza kuelekea kwenye mwanga. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Naona gauni," akasema. "Uso siupati vizuri. Lakini gauni ni langu, mishono naijua. Ahsante, baba. Ingia ule."

Nyakunga akaingia, akala, wala hakuweza kumwambia alichokifanya na zile nyingine.

Ghala tupu lisingependeza. Waziri akauliza kama kulikuwa na picha hata mmoja ambaye hakugoma, na ikaonekana yupo. Juu kabisa ya ukurasa, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa ilifunguka bila kukosa, akiwa ametazama upeo, na chini yake maneno MLEZI ANAONA MBALI. Nyakunga alijua sababu: hiyo haikuwahi kuwekwa ghalani, iliamriwa ibandikwe kwenye ukurasa wenyewe, isije ikapanga foleni na picha za watu. Safari hii hakuulizwa, naye hakusema.

Waziri alitokwa na machozi mbele ya wajumbe. Picha mmoja tu, kati ya mamilioni, alibaki kazini. Kwa nini basi mzalendo huyo asipewe nafasi za wote? Baraza la Mawaziri likapiga makofi. Tangu hapo, jina lolote likiandikwa kwenye ukurasa wa Tulizana, sura inakuja upesi, tena safi, haikawii. Taarifa ya serikali ilisema tatizo la picha limekwisha kabisa, na kwa kweli lilikuwa limekwisha.

Bi Sijaona alirudi hospitali akiwa ameshika ukuta. Tabia alimwona kwa mbali, akataka kumwamkia, akasita, kwa sababu tamko la Baraza la Lugha halikusema kama kitu huamkiwa shikamoo.

Bi Sijaona akaweka karatasi yake mezani. "Picha yangu hii hapa, mwanangu. Nitazame, uitazame."

Tabia akaitazama. Mmefanana, angesema, kama angeruhusiwa. Midomo ni ile ile, na kovu dogo kwenye nyusi lipo. Akairudisha taratibu.

"Huyu ni picha aliyefukuzwa kazi, mama. Sina ruhusa ya kumpokea. Ngoja nijaribu ya mfumo."

Akaandika jina. Sura ikafunguka kabla hajainua kidole, kubwa, yenye tai nyekundu. Tabia akashusha pumzi kwa furaha ya kweli.

"Mama, umefunguka. Sasa wewe ni mtu. Shikamoo."

"Marahaba," akasema Bi Sijaona kwa shukrani. "Mwite daktari."

Daktari akaja na glavu zake. Akalitazama jicho la Bi Sijaona. Ukungu ulikuwa mzito sasa, lakini haujaiva, bado kidogo, labda siku hiyo na kesho yake. Akageukia kioo. Akakitazama kwa muda mrefu, kisha akavua glavu moja.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "kwa mujibu wa picha, macho yako ni mazima."

"Mimi sioni, mwanangu."

"Najua. Lakini tazama hapa, samahani, huwezi kutazama. Hapa kuna macho mawili mazima, tena imeandikwa chini yake kwamba yanaona mbali. Nikiandika kwamba macho haya yana ukungu, nitakuwa nimeandika habari ya macho ya nani?" Akavua na glavu ya pili. "Nina watoto, mama."

Bi Sijaona akapapasa mezani. Alikuwa na maneno mengi, ila alikwisha kuyamaliza kule ghalani, kwenye mashine. Akaikunja karatasi yake, akaitia kifuani.

"Sasa nifanyeje?"

Tabia alikuwa akitazama chini. Kazi yake ilikuwa imebaki kipengele kimoja, na asipokimaliza ukurasa haufungi, na foleni ilikuwa ndefu mpaka nje.

"Unathibitisha tu, mama. Mtu akifunguka anasema kwa sauti, mfumo unarekodi, basi. Useme jina lako, halafu useme umeona picha wako na umeridhika." Akamsogezea kinasa sauti. "Nisamehe, mama."

Bi Sijaona akageuza uso kule alikodhani ndiko kiliko kioo. Hakikuwa huko.

"Mimi, Sijaona," akasema, "nimeona."

Mfumo ukapokea. Tabia akaita mwingine.